Madumu ya njano na bahari isiyo na sakafu

Bombani kwetu, Tanga, foleni ilikuwa ya madumu, si ya watu. Ulikwenda saa kumi alfajiri, ukaweka dumu lako nyuma ya la mwenzio, ukarudi kulala. Yalikuwa yale ya njano ya mafuta ya kula, ya lita 20, yote sare, hulijui la nani ni lipi. Ndiyo maana mama alifunga kitambaa chekundu kwenye kishikio cha la kwetu.

Maji yakianza kutoka, dumu la mbele linajaa, linaondolewa, panabaki pengo. Mwenye dumu la pili analisogeza kwa mguu, pengo linahamia nyuma yake. Wa tatu naye anasogeza, pengo linahama tena, hivyo hivyo mpaka mkiani. Nilikuwa na miaka kama tisa, na kazi yangu ilikuwa kulinda foleni, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kulifuata lile pengo kwa macho. Madumu yalikwenda mbele kivivu, hatua moja moja. Pengo lilikimbia kurudi nyuma. Hakuna dumu hata moja lililorudi nyuma, ila kuna kitu kilichorudi nyuma, na kama ungekuwa na saa ungeweza kukipima mwendo.

Ilipita miaka mingi kabla sijakuta kwamba kuna watu wamejenga nadharia nzima juu ya pengo lile. Kazi yao naiita hapa kubosonisha: chembe zote za maumbile ni za makabila mawili, fermioni na bosoni, nawe unachukua nadharia ya kwantamu iliyoandikwa kwa fermioni, unaiandika upya yote kwa bosoni, bila kupoteza hata nukta. Ni jambo lililonikosesha usingizi nilipokuwa mwanafunzi, na mpaka leo nikilifundisha huwa nahisi kama namwonyesha mtu mazingaombwe ambayo mimi mwenyewe nimeshaambiwa siri yake na bado nashangaa.

Kwanza makabila yenyewe. Elektroni, protoni, nyutroni na kwaki (chembe zinazojenga protoni na nyutroni) ni fermioni. Sheria yao aliitamka Wolfgang Pauli mwaka 1925: hali moja haikaliwi na wawili. Bosoni, kwa mfano fotoni za mwanga, hazina wivu huo; zinajazana katika hali moja kama kete katika shimo la bao, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo nyingine zinavyopenda kuingia. Jina la bosoni linatokana na Satyendra Nath Bose, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dhaka. Mwaka 1924 alimpelekea Einstein makala yake fupi pamoja na barua, na Einstein akaitafsiri mwenyewe kwa Kijerumani na kuipeleka ichapwe. Watu husema Bose aligundua chembe mpya. Hapana. Alichofanya ni kuhesabu mwanga kwa namna nyingine: akahesabu kama mtu anayehesabu madumu yasiyo na vitambaa. Ukibadilishana mawili nafasi hujapata mpango mpya, umebaki na ule ule.

Niondoe kwanza dhana moja ambayo hunijia kila mara ninapozungumzia haya. Fermioni mbili zikishikamana, au sita kama katika atomu ya heli-4, kinachotoka ni bosoni. Ni kweli, lakini siyo ninayoyasema. Pale umeunganisha vitu ukapata kitu kikubwa zaidi. Katika kubosonisha hujaunganisha chochote. Fermioni zimebaki zilivyo, ulichobadilisha ni daftari unaloziandikia.

Inawezekanaje? Chukua kalamu.

Chora ngazi ya kuegemeza ukutani, yenye vipago vilivyoachana sawasawa, isiyo na mwisho juu wala chini. Kila kipago ni hali moja ya nishati. Weka fermioni moja katika kila kipago kuanzia kimoja ulichokichagua kwenda chini, chini, chini bila kukoma. Juu ya hapo pawe patupu. Huo ndio utulivu wa mfumo, kile wenyewe wanachokiita bahari ya Dirac, kwa jina la mwanafizikia Paul Dirac. Sasa mwaga nishati kidogo ndani yake. Kupanda kipago kimoja kunagharimu kizio kimoja.

Ukiwa na kizio kimoja, kuna namna moja tu ya kukitumia: wa juu kabisa anapanda hatua moja. Wengine wote wamebanwa, juu yao kuna mtu. Ukiwa na viwili, wa juu anaweza kupanda hatua mbili, au anapanda moja na anayemfuata anapanda moja kujaza nafasi iliyoachwa. Mtu atauliza: je, yule wa pili akimruka wa kwanza, hatua mbili kwa mpigo? Tazama mchoro unaobaki: ni ule ule. Kipago kile kile kimebaki kitupu, vile vile vimejaa. Hakuna kitambaa chekundu. Kwa hiyo namna ni mbili, si tatu.

Vizio vitatu: namna tatu. Vinne: wa juu apande nne; au wa juu tatu na wa pili moja; au wawili, kila mmoja mbili; au wa juu mbili, na wawili wanaofuata moja moja; au wanne, kila mmoja moja. Namna tano. Ukifanya vitano utapata saba.

Sasa funga ukurasa huo, fungua mwingine. Una sarafu za shilingi moja, za mbili, za tatu, za nne, na kuendelea, kila aina nyingi utakavyo. Unaweza kulipa shilingi nne kwa namna ngapi? Sarafu moja ya nne. Ya tatu na ya moja. Mbili za mbili. Ya mbili na mbili za moja. Nne za moja. Tano tena. Na sarafu hizo ndizo bosoni: mawimbi yenye nishati ya kizio kimoja, viwili, vitatu, na hakuna sheria inayozuia mawimbi mengi ya aina moja kuwapo pamoja.

Hili si sadfa ya namba ndogo. Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kumpita wa juu yake, hatua alizopanda wa kwanza hazipungui za wa pili, za wa pili hazipungui za wa tatu, na kadhalika. Orodha ya hatua hizo ni orodha ya sarafu, kubwa kwanza. Idadi ya namna za kuigawa namba hivyo aliishughulikia Euler katika karne ya 18, na mwaka 1918 Hardy na Ramanujan walipata kanuni ya kukadiria inavyokua. Kwa kumi ni 42. Kwa mia moja ni 190,569,292. Daftari la fermioni na daftari la bosoni yanatoa jibu lile lile kila unapohesabu, hata ukifika milioni. Ukiongeza au kupunguza fermioni zenyewe, kuna ulinganifu mpana zaidi, na huo Jacobi aliuchapa mwaka 1829, wakati neno elektroni halijazaliwa.

(Kwa wanaoyajua haya: ndiyo, hali moja ya daftari hili ni mchanganyiko wa hali kadhaa za daftari lile, hazilingani moja kwa moja kama nilivyozipanga. Ila idadi katika kila ngazi ya nishati inalingana, na nafasi nzima inayofanywa na hali hizo ni moja.)

Kuna sharti nimelipitisha kimyakimya: vipago vilivyoachana sawasawa. Vikiachana ovyo, hesabu inavunjika. Katika waya halisi vipago havijapangwa sawasawa kote, bali ukitazama jirani tu ya mahali bahari inapoishia, karibu vinalingana, kama pwani inavyoonekana imenyooka ukiwa umesimama mchangani. Sharti la pili ni kwamba fermioni zikae kwenye mstari mmoja, kama foleni. Uwanjani mtu humzunguka mwenzake akaendelea na safari. Kwenye kichochoro ambacho mwenye mkokoteni inabidi apige kelele "Simile! Simile!" ndipo apite, mmoja hawezi kusogea bila kusogeza wote. Hapo kusema habari za mtu mmoja mmoja ni kujisumbua. Kinachosafiri ni msukumo.

Felix Bloch aliona dalili za jambo hili mapema miaka ya 1930, alipoziona elektroni nyingi zikiwa na tabia ya mawimbi ya sauti. Aliyelishika vizuri ni Sin-Itiro Tomonaga, katika makala ya mwaka 1950. Huyu ndiye aliyekuja kupata Nobeli ya 1965 pamoja na Schwinger na Feynman kwa kazi nyingine kabisa. Tomonaga alionyesha kwamba elektroni za mstari mmoja, hata zikisukumana, zinaweza kuelezwa kwa mawimbi ya msongamano: hapa zimebanana, pale zimeachana. Pengo la bombani.

Kisha mwaka 1963 Joaquin Luttinger akatoa kielelezo kisafi zaidi, chenye vipago vilivyonyooka kabisa, akakitatua kwa hesabu kamili bila makadirio. Makala nzuri, imeandikwa kwa adabu, kila hatua inafuata nyingine. Na jibu halikuwa sahihi.

Nalipenda kosa la Luttinger kuliko majibu mengi sahihi niliyowahi kusoma, kwa sababu nami nililifanya, miaka zaidi ya arobaini baada yake, bila kujua kwamba nina mtangulizi. Nilipewa zoezi. Lilihusu vitendo viwili. Cha kwanza nikiite Pandisha: kinachukua fermioni yoyote na kuipandisha vipago kadhaa, tuseme vitatu, na kinajumlisha njia zote za kufanya hivyo. Cha pili ni Shusha, kinyume chake. Swali: ukifanya Pandisha halafu Shusha, ukatoa Shusha halafu Pandisha, kinabaki nini? Katika fizikia ya kwantamu tofauti ya namna hii ndiyo roho ya kitu. Ikiwa sifuri, una namba za kawaida tu. Ikiwa namba isiyo sifuri, una bosoni.

Nikaandika. Kinachobaki ni jumla, kwa vipago vyote, ya "waliomo katika kipago hiki" kutoa "waliomo katika kipago cha tatu juu yake". Jumla mbili. Ya pili ni ile ile ya kwanza, imesogezwa tu vipago vitatu. Na ngazi haina mwisho, kusogeza kuna ubaya gani? Nikabadilisha herufi, zikafanana, nikakata. Sifuri. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Umeme ulikuwa umekatika, natumia taa ya simu, na nakumbuka niliizima nikalala kwa raha kabisa.

Asubuhi mwalimu aliitazama karatasi, hakusema nimekosea. Alisema, "Hebu fanya kwa mkono, mwanangu. Bahari imejaa. Anza na Shusha."

Nikajaribu. Bahari imejaa: kila kipago cha chini kina mtu. Nani ashuke? Hakuna. Shusha inatoa patupu, kwa hiyo upande mmoja wa hesabu umekufa. Anza na Pandisha sasa. Nani anaweza kupanda vipago vitatu akakuta nafasi? Watatu wa juu tu. Kila mmoja akipanda, Shusha inamrudisha alipokuwa. Njia tatu. Tatu kutoa sifuri. Mtoto wa darasa la pili angejibu.

Nilikuwa nimetoa kitu kisicho na mwisho kutoka kwa kitu kisicho na mwisho, nikatangaza kwamba hakuna kilichobaki. Ukizijumlisha tofauti kipago kwa kipago, chini kabisa unapata moja kutoa moja, juu kabisa sifuri kutoa sifuri, na ukingoni tu, pale bahari inapoishia, unapata moja kutoa sifuri mara tatu. Hiyo ndiyo tatu. Ukizitenganisha jumla mbili kabla ya kutoa, unaifuta.

Luttinger kosa lake lilikuwa la adabu zaidi. Alishika fermioni zenye idadi kamili, tuseme elfu, kwenye ngazi isiyo na mwisho upande wa chini. Kwa fermioni elfu jibu ni sifuri kweli: wale watatu wa juu wanakupa tatu, lakini watatu wa chini kabisa wana nafasi tupu chini yao, wanaweza kudondoka, na hao wanakupa hasi tatu. Ongeza ziwe milioni, bado sifuri. Ongeza ziwe bilioni. Utaendelea kupata sifuri mpaka siku utakapoijaza bahari kweli kweli, na siku hiyo hakuna tena "wa chini kabisa". Hasi tatu imekosa pa kukaa. Jibu linaruka kutoka sifuri hadi tatu bila kupitia katikati.

Daniel Mattis na Elliott Lieb ndio waliosahihisha, mwaka 1965. Walionyesha kwamba bahari iliyojaa si mapambo. Inabadilisha kanuni zenyewe za hesabu. Julian Schwinger alikwishatahadharisha mwaka 1959 kwamba tofauti za namna hii katika nadharia za uga hazifi kirahisi kama zinavyoonekana. Ila aliyetangulia wote ni Pascual Jordan, mwaka 1935, ambaye alikuwa na wazo kwamba fotoni ni nyutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji) zilizopangwa vizuri. Wazo hilo lilikufa, na lilistahili kufa. Lakini ndani ya makala zile, kwa mstari mmoja, hesabu ilikuwa imefanywa barabara, bahari ikiwamo. Jordan alikuwa amejiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, jambo lililomharibia jina kwa haki. Sijui tuseme nini juu ya hesabu njema inayozaliwa mahali kama pale. Ipo, tunaitumia.

Na sasa faida yenyewe, maana mpaka hapa mtu anaweza kusema huu ni mchezo wa kuhesabu tu. Fermioni zinazosukumana ni balaa kwa mwenye kalamu. Kila moja inaigusa nyingine, kila mguso ni vitendo vinne vinavyozidishana, na ukianza kukokotoa hufiki mwisho. Sasa tazama: msukumano ni suala la msongamano kuzidisha msongamano. Na msongamano, katika daftari jipya, ndiyo bosoni yenyewe. Kwa hiyo lile balaa la vitendo vinne limekuwa bosoni kuzidisha bosoni, yaani springi, kitu anachokitatua mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ugomvi wote wa elektroni unageuka kuwa badiliko la kasi ya wimbi. Mawimbi yenyewe hayagombani. Yanapitana kama sauti mbili chumbani. Mwaka 1981 Duncan Haldane alionyesha kwamba picha hii haiishii kwenye kielelezo cha Luttinger. Mifumo mingi ya mstari mmoja, ya aina tofauti kabisa, ina tabia hiyo hiyo karibu na utulivu wake. Akauita umajimaji wa Luttinger, na jina likabaki. Kwa hiyo aliyekosea ndiye aliyepewa jina. Sioni ubaya, kielelezo kilikuwa chake.

Kuna swali ambalo msomaji makini ameshaliuliza. Kutoka fermioni kwenda bosoni tumeona njia. Je, kurudi? Nikikupa mawimbi matupu, unaweza kunitolea elektroni moja, yenye wivu wake wote? Jibu lilikuja kwa kishindo kati ya 1974 na 1975, kwa Luther na Peschel, kwa Mattis tena, kisha kwa Sidney Coleman na Stanley Mandelstam kutoka upande wa watu wa chembe.

Fikiria shamba la matuta. Umelaza kamba ndefu kwenye mfereji kati ya matuta mawili, imetulia. Ukiitikisa, mawimbi yanapita: hizo ni bosoni. Sasa chukua kamba nyingine iliyoanza katika mfereji mmoja, ikafika mahali ikapanda tuta, ikashukia mfereji wa jirani, ikaendelea. Pale inapovuka pana mkunjo. Unaweza kuusogeza mbele au nyuma, ila huwezi kuufuta kwa kushika kamba hapo tu. Ungelazimika kuinua nusu nzima ya kamba na kuirudisha mfereji wa kwanza. Mkunjo huo una mahali, una uzito, una mwendo, na ukikutana na mkunjo wa kinyume, yote miwili inapotea. Unaitwa solitoni, na ndiyo fermioni. Tony Skyrme alilibashiri hilo tangu 1961. Mandelstam ndiye aliyeandika kwa uwazi kitendo kinachoutengeneza: kwa lugha yetu, inua kamba yote iliyo upande mmoja wa nukta fulani.

Wivu wa fermioni, ile alama ya hasi inayojitokeza mbili zikibadilishana nafasi, unatoka hapo hapo. Jordan, tena yeye, pamoja na Eugene Wigner walikuwa wameupata ufunguo mwaka 1928: ukitaka kitu kisicho na wivu kiwe na tabia ya fermioni, kila unapokigusa hesabu wangapi wametangulia kwenye foleni, na wakiwa witiri weka hasi. Kuinua nusu ya kamba ni namna ya kuhesabu waliotangulia. Kwenye uwanja mpana neno "waliotangulia" halina maana. Kwenye foleni lina maana.

Coleman aliongeza kitu kinachonisisimua zaidi. Alizilinganisha nadharia mbili zilizokuwa zikisomwa na watu tofauti. Moja ni ya fermioni, ambayo Walter Thirring aliitunga mwaka 1958. Nyingine ni ya bosoni kwenye matuta, inayojulikana kama sine-Gordon. Akaonyesha ni nadharia moja, na kwamba nguvu za mguso zinakwenda kinyume: fermioni zikivutana sana, bosoni zinagusana kidogo mno. Pale ambapo daftari moja limejaa makorokoro, lingine ni jeupe. Na kuna thamani moja ya katikati ambapo bosoni zinagombana vikali huku fermioni, ambazo ni mikunjo ya bosoni hizo hizo, hazijuani kabisa. Ukiniuliza pale "kitu halisi" ni kipi, nitakuuliza unataka kulipia hesabu gani.

Haya si ya karatasini tu. Rudi bombani na upake vizibo vya madumu rangi, nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, mpaka mwisho wa foleni. Ondoa dumu moja la kizibo cha bluu. Pengo lina jirani wawili wekundu. Sogeza wa kulia ajaze pengo. Pengo limeondoka na kwenda kulia, lakini ukitazama lilipozaliwa, wekundu wawili sasa wamekaa pamoja, kosa la mpangilio lisilofuatana na pengo. Sogeza tena, pengo linazidi kwenda. Mapacha wekundu wamebaki pale pale. Umeondoa kitu kimoja, wametokea wasafiri wawili. Elektroni ina chaji na ina spini, kama sumaku ndogo inayoelekea juu au chini. Pengo ni chaji, rangi ya kizibo ni spini, na katika mstari mmoja mambo hayo mawili yanaachana, kila moja na mwendo wake. Elektroni haijapasuka, ila katika daftari la mawimbi, wimbi la chaji na wimbi la spini ni mawimbi mawili tofauti, na hakuna kinachoyalazimisha kuandamana.

Dalili za umajimaji wa Luttinger zilionekana katika mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita moja hivi mwaka 1999. Kuachana kwa spini na chaji kulipimwa katika nyaya nyembamba mno za galiamu aseni, aina ya semikondakta, na kazi ya kundi la Cambridge na Birmingham ya mwaka 2009 ndiyo inayotajwa sana. Mimi naipenda zaidi ya mwaka 2022, ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Pale walitumia atomu za lithi-6 zilizopozwa karibu na sifuri kabisa na kupangwa kwenye mistari kwa mwanga wa leza. Wakawa wanaongeza msukumano kidogo kidogo, kama mtu anayefungua bomba, na kupima. Kasi ya wimbi la msongamano ikapanda, ya wimbi la spini ikashuka. Kama daftari lilivyosema.

Kwenye bapa na kwenye nafasi yetu ya urefu, upana na kimo, mambo si mepesi hivyo. Watu wanajaribu, tangu 2016 hivi kuna mtandao mzima wa ulinganifu unaodhaniwa kuwapo kati ya nadharia za fermioni na za bosoni kwenye bapa, mwingi wake bado unangoja uthibitisho. Sitaingia huko leo.

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, anasoma fizikia. Wiki iliyopita nilimchorea ngazi kwa chaki kwenye ukuta wa uani nikamwambia afanye vizio vitano. Alikaa kimya robo saa, kisha akaniita.

"Mjomba, nane."

"Zisome."

Akazisoma moja moja, akionyesha kwa kidole. Katika ya sita alikuwa amemrusha wa pili juu ya wa kwanza. Nikamwambia atazame vipago, asitazame aliyeruka. Akatazama. Akasogea nyuma hatua moja kuona ukuta mzima, akarudi, akafuta moja kwa kiganja. Zikabaki saba.

Nikamwachia vizio sita. Mpaka ninapoandika haya hajamaliza. Amefika tisa, anasema nisimwambie.